Wimbo Uliotolewa kwenye "Mlima Unapumua"

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Diwani wetu wa hapa Mafiga. Masheikh wetu na mapadri wetu. Mjomba wangu Mzee Hassani, pamoja na wazee wote mlioshuka asubuhi hii kutoka Kinole, shikamooni. Mwalimu Eustace, mwenzangu. Wenzangu wa kiwanda cha kamba, tuliobaki. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na wewe dada yangu Furaha, binti wa marehemu Mwaisha, uliyekwenda kukaa kule nyuma karibu na mlango wakati kiti chenye jina lako kiko hapa mbele. Nimekuona. Nimekutaja wa mwisho, lakini maneno ya leo ni yako wewe kwanza, na hawa wengine watanisamehe.

Mimi naitwa Abdulswamad. Wengi mnanijua kama Dadi wa Kaseti. Shule nimeishia la saba, hotuba sijazoea, na MC ameniambia niseme kwa ufupi tulivyoirekodi hii kazi, nichekeshe kidogo, nishuke, watu wale. Nitajitahidi kwa ufupi. Kuchekesha, sijui.

Kwa ambao hamjawahi kuisikia, "Mlima Unapumua" ni kaseti tuliyoirekodi mwaka tisini na tatu, na leo imetoka upya kwenye CD. Haina mwimbaji, haina gitaa. Ina mto, ina mvua, ina upepo kwenye migomba, ina mashine za kiwandani, na juu yake Mwalimu Eustace anapiga ngoma, anapiga vinu, anapiga madumu ya mafuta, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo hana hakika kama ina watu. Ilipotoka mara ya kwanza, mteja mmoja pale sokoni aliirudisha siku hiyo hiyo. Akamwambia muuzaji, "Kaka, hii imeharibika, nasikia maji tu." Muuzaji akamjibu, "Haijaharibika, ndivyo ilivyo." Yule bwana akasema, "Basi walioharibika ni wao walioitengeneza."

Mnacheka. Chekeni tu, mbele huko hapachekeshi.

Zilikuwa zama za ruksa. Kila kitu ruksa: ruksa kuagiza mitumba, ruksa kufungua duka uani, ruksa kuuza chochote kwa bei yoyote, na sisi wa kiwandani ruksa kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa fundi umeme msaidizi pale kwenye kamba. Wiki ya mwisho, kabla mitambo haijazimwa, alikuja mgeni getini na rekoda begani. Mlinzi akamuuliza, "Wewe ndiye mnunuzi wa kiwanda?" Akasema, "Hapana, mimi ni mwalimu wa muziki, naomba kurekodi mashine." Mlinzi akaniita: "Dadi, njoo umchukue mtu wako huyu, amechanganyikiwa kama wewe." Huyo ndiye Mwalimu Eustace, ametoka kwao Bukoba, Morogoro hana ndugu, na siku ile akapata ndugu ambaye leo najuta kwa niaba yake.

Kwenye wimbo wa kwanza mtasikia mashine ya kusokota inapungua, inapungua, inanyamaza, halafu mtu anasema, "Basi." Yule ni marehemu Petro, mwenzetu wa kiwandani. Hakuambiwa aseme. Wengi wenu hapa mlikuwepo, mnakumbuka kimya kile kilivyokuwa.

Baada ya hapo nikawa sina kazi, na mwalimu alikuwa anatafuta sauti za mlimani, na mimi mlimani ndiyo kwetu. Nikamwambia, nipe rekoda, nitakuletea. Akanifundisha namna ya kufanya. Mtu akikaa karibu na rekoda anaiharibia: anapumua, anakohoa, anavuta kamasi. Kwa hiyo utaratibu wetu ulikuwa kuitega kama mnavyotega panya shambani. Unaiweka, unaiwasha, unaondoka mbali, unaiacha isikilize peke yake. Ule utaratibu wa kutega na kuondoka ulikuwa mzuri, na ndio ulionipoteza.

Sasa nimseme shangazi yangu Mwaisha.

Wazee wa Kinole mnamjua, lakini wageni hawamjui, kwa sababu jina lake halikuandikwa kwenye kaseti ile, wala hakuna redio iliyowahi kumtaja. Alikuwa dada wa baba yangu, baba mmoja; kwa mama alikuwa dada wa Mzee Hassani, ndiyo maana namwita mjomba kama wanawe wanavyomwita. Alikuwa kungwi. Mtoto wa kike akivunja ungo, nani aliitwa? Mwaisha. Mwali akiwa ndani, nani alikaa naye na kumfunda? Mwaisha. Wanawake wangapi wa mlima ule wamepita mikononi mwake, na wangapi kati yao wamo humu ukumbini na kanga zao nzuri za sherehe? Sisemi mnyooshe mikono.

Na alikuwa na mdomo. Nilipofika kwake na rekoda, alinizunguka akaniangalia juu mpaka chini.

"Kumbe kweli kazi wamekunyang'anya. Sasa unaokota mvua?"

Nikamwambia, "Ndiyo, shangazi. Nataka mvua ya kwenye bati lako."

"Mvua ya bure, ya Mungu, unaifungia kwenye kaseti umuuzie nani?"

"Hata wazungu watanunua, shangazi."

"Wazungu kwao hakunyeshi?"

Lakini akanionyesha dari yake, kule anakowekea mahindi, akasema hapo ndipo mvua inasemea sikioni. Akaniletea ngazi. Rekoda aliipa jina, akaiita mdudu, kwa sababu ya kale kataa kekundu. Kila nikipanda na kushuka, ni "mdudu wako amekula?", "mdudu wako hajang'ata mahindi yangu?" Tulikaa hivyo masika nzima. Kama kuna mtu alinifanya nisione aibu ya kukosa kazi, ni yule mama.

Siku ninayoisema, kulikuwa na mwali. Jina lake silitaji, na kama yumo humu ama hayumo, silisemi. Wanawake walikuwa wafanyie shughuli yao kule chini kwenye migomba, karibu na kijito, ambako mwanamume hafiki. Mimi nikaona nyumba ni tupu, nikapanda darini, nikamtega mdudu, nikavuka kwenda kusimama kwenye baraza ya nyumba ya pili. Mvua ikaja. Wenyeji wa mlimani mnaijua ile mvua isiyoanza kwa matone. Wanawake wakashindwa kule chini, nikawaona wanapanda mbio, wamemzunguka mwali, wamemfunika kanga, wanaingia ndani kwa shangazi.

Mwanaume wa kwetu akiona hivyo anafanya nini? Anaondoka. Hafundishwi, anajua. Mimi sikuondoka, kwa sababu mashine yangu ilikuwa mle.

Shangazi akatokeza mlangoni, maji yanamchuruzika, akaniita kwa sauti: "Dadi! Mdudu wako umemtoa darini?"

Ndugu zangu, palikuwa na majibu mawili. Ningesema, "Bado, shangazi," wangenifungulia, ningepanda, ningelowa, ningeitoa. Na mvua ile, ambayo nilikuwa nimeisubiri masika nzima, ingenipotea. Nikamjibu, nikamwambia: "Amelala, shangazi! Amelala huyo!" Maana yake, mashine nimeizima.

Akasema, "Haya, ondoka basi hapo, wanawake tuna kazi." Nikaondoka. Nilijiambia kaseti itaisha kabla hawajaanza. Haikuisha.

Asubuhi nilirudi kuchukua rekoda. Alinishikia ngazi. Aliniuliza, "Kalala vizuri mdudu wako?" Nikiwa juu ya ngazi ile, ameishika kwa mikono yake miwili nisianguke, nikasema, "Kalala, shangazi."

Niliisikiliza kaseti nyumbani kwangu hapa Mafiga, mlango nimeufunga. Mvua inalia juu ya bati, mchi unatwanga kinu kitupu, wanawake wanaitikia, na sauti ya shangazi inaongoza. Maneno yenyewe siyasemi, na naomba asiyatafute mtu. Nilijua kinachotakiwa. Mtoto wa kwetu akisikia hata kwa bahati mbaya, anaziba masikio. Kaseti inafutwa, ama inachomwa moto. Mimi nikaipeleka kwa mwalimu.

Mwalimu Eustace, usiinamishe kichwa. Nyanyua kichwa, watu wakuone. Huyu bwana ni Mhaya, Kiluguru hajui. Alikaa na ile sauti akasikiliza mpaka mwisho, macho yamemlowa. Akaniuliza, "Dadi, wanasema nini hawa?" Nikamwambia, "Wanatwanga mahindi, mwalimu. Nyimbo za kutwangia." Akasema, "Hapa. Hapa ndipo mlima unapumua." Hilo jina mnaloliona limeandikwa kwa dhahabu kwenye kitambaa hiki nyuma yangu, limetoka pale. Nikamwambia kitu kimoja tu cha kazi: mwanzoni kuna watu wanapigiana kelele, sehemu hiyo ikate, anzia baada ya hapo. Akakata.

Naona MC ananionyesha saa. Ndugu yangu, chakula kitapoa, kitapashwa. Niache.

Kaseti ilitoka. Mnakumbuka zile meza za sokoni, vijana wana dabo kaseti, wanakurudufia chochote unachotaka, spika wameielekeza barabarani. Mjomba Hassani alishuka siku hiyo na kapu la vitunguu kichwani. Mjomba, nikikosea unisahihishe, haya nimesimuliwa. Akasimama mbele ya meza. Muuzaji akachangamka: "Karibu mzee, hiyo ni kali, mvua ya kimataifa hiyo!"

Mjomba akasema, "Zima."

"Nikizima mzee wangu, wateja wataondoka."

"Nimekwambia zima. Huyo anayeongea ni dada yangu."

Na sokoni kote, wanaume na wanawake, wauza nyanya, makondakta, watoto wa shule, wote walikuwa wanasikiliza kile ambacho hata mumewe shangazi hakuwahi kusikia.

Kikao kiliitwa Kinole. Shangazi alikaa kwenye kigoda, katikati. Walimuuliza, nani amemruhusu kuuza mambo ya ndani ya wanawake. Hakulia, hakujitetea kwa maneno mengi. Alisema, "Nilimuuliza kama mdudu ametoka. Aliniambia amelala. Yule pale, mwulizeni."

Wakageuka wote kuniangalia. Ndugu wageni waalikwa, mnataka kujua mtu anauza kitu gani wakati wa ruksa, wakati kila kitu kinauzwa? Wiki ile ile redio moja ya binafsi ilikuwa imetuita mimi na mwalimu tukahojiwe. Nilikuwa sina kazi, na kwa mara ya kwanza jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye kitu. Nikasema, "Hakuniuliza kitu. Mashine alijua ipo, yeye ndiye aliyenionyesha dari."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Ndiyo maana yaliaminika.

Shangazi aliniangalia. Akasema, "Ahaa." Basi. Akasimama, akakung'uta kanga, akatoka. Alikuwa ananiita Dadi, ama mtoto wa kaka. Tangu siku ile hakuniita tena kwa jina lolote.

Na mnisikilize vizuri hapa: kaseti ya kwanza, ile yenyewe ambayo haijakatwa, ilikuwa nyumbani kwangu, kwenye kopo la Kimbo, chini ya kitanda. Mle ndani shangazi ananiuliza, na mimi namjibu. Ningeipeleka kikaoni, angetoka safi. Sikuipeleka siku ile. Wala mwaka uliofuata. Wala mwaka wowote.

Hakupewa mwali tena. Wanawake wa rika lake waliacha kuja jikoni kwake. Wakimkuta kisimani, mazungumzo yanakatika. Furaha, wewe ulikuwa msichana, uliyaona zaidi yangu. Baadaye alihamia Kisaki kwa mtoto wake wa kiume aliyekuwa akifanya kazi relini.

Nilimwona huko mara moja. Nilikuwa nasafiri na TAZARA kwenda Mbeya na boksi la kaseti. Treni ikasimama Kisaki, wauzaji wakaja madirishani, na mmoja akafika kwenye dirisha langu na beseni: "Maandazi, baba, ya moto." Alikuwa yeye. Nilishusha kofia. Angeninyanyulia macho kidogo tu angenijua, lakini alikuwa anaangalia beseni. Mnafikiri nilinunua? Hata kununua nilishindwa. Nilifunga kioo.

Amefariki masika ya mwaka jana. Wamemzika majirani na watu wa reli. Ujumbe ulifika Kinole, na Kinole hawakwenda. Mimi ujumbe ulinifikia pia, na mimi sikwenda, nikasema nina safari.

Halafu wakaja hawa ndugu zetu wa Dar es Salaam, ambao nawashukuru, wakasema kaseti yetu inatafutwa mpaka nje, wanataka kuitoa upya, wanaomba kaseti za kwanza kabisa, zile za rekoda. Nikavuta kopo. Nikaweka kaseti nisikilize kama haijaliwa na unyevu. Kitu cha kwanza kutoka ni yeye, amesimama mlangoni, mvua inampiga, ananiita jina langu.

Nilikwenda kwa mwalimu usiku huo huo nikamwambia yote. Akasema, "Miaka yote hii umeniacha nijisifie kwa kitu cha wizi." Hakunipa mkono wakati wa kuondoka. Kesho yake akawaambia watu wa Dar, kipande kile kinaondolewa. Wakasema, mwalimu, hicho ndicho kipande wanachokitaka wanunuzi. Akawaambia, basi msitoe chochote. Na hawa mabwana, nawapa heshima yao, wamekubali.

Kwa hiyo Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, utakapokata utepe na kuipeleka CD yako nyumbani, baada ya wimbo wa nne utakuta kimya, kirefu, hakuna mvua, hakuna mto, hakuna mtu. Usiirudishe dukani. Haijaharibika. Ndivyo ilivyo. Na mwenye kaseti ya zamani kwake, ninamwomba, kama ana mama, kama ana dada, asiipige upande wa pili.

Wimbo wenyewe, ile kaseti ya kopo, mwalimu ameikata. Sehemu ya wanawake amekabidhiwa Furaha mkononi mwake. Amefanya nayo nini, sikuuliza. Kwetu sisi wanaume imebaki ile sehemu ya mwanzo tu, yale makelele niliyosema yakatwe.

Mjomba Hassani, kikao kile ulikifunga wewe. Nakuomba mbele ya Mheshimiwa na mbele ya watu wote hawa, ukifungue. Mkikifungua, kigoda kile alichokalia yeye nipeni mimi, na adhabu yoyote mtakayosema sitaikatia rufaa. Sikuombi msamaha, mjomba; mwenye kunisamehe amelala Kisaki, na nilipata nafasi ya kumwomba kupitia dirishani nikafunga kioo. Ninachoomba ni kwamba asomewe hitima nyumbani kwao Kinole, wanawake aliowafunda wapike wenyewe, na jina lake litajwe pale kwa sauti kama jina la kungwi. Kama itakuwa hivyo nitabeba kuni na kuteka maji. Kama mtasema hata kuni zangu hamzitaki, nitakaa barabarani nisikie kwa mbali.

Dada Furaha, naona umesimama. Ukitaka kutoka, una haki, mlango ni wako. Lakini nakuomba usubiri kidogo tu, kwa sababu kinachofuata si changu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu, ndugu wageni waalikwa, nawashukuru kwa uvumilivu. Mwalimu Eustace amekaa kwenye mashine mwenyewe, amekataa kumwachia mtu mwingine. Mtasikia mvua kidogo, halafu mtu anauliza swali, halafu mwingine anajibu. Ni fupi, msikohoe. Kuanzia kikao kile mpaka asubuhi ya leo, kati yangu na shangazi ni mimi tu niliyekuwa nikisikilizwa: Kinole mlinisikiliza, redioni mkanisikiliza, na humu ndani mmenisikiliza tena. Asanteni, imetosha.

Mwalimu, washa. Sasa msikilizeni yeye.